Kiroboto Aliyekatwa Kiunoni: vitabu vitatu vya London ya miaka ya 1660

Niliagiza kiroboto mzima, nikaletewa nusu.

Naanza hapo kwa sababu ndiyo hasira iliyonikalisha kuandika. Kwenye kitabu cha mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke kiitwacho Micrographia, cha vitu vidogo alivyovitazama kwa hadubini, kilichotoka London mwaka 1665, kuna mchoro wa kiroboto uliompa mdudu huyo sifa kuliko wafalme wengi. Mchoro ni mkubwa kuliko kitabu chenyewe. Karatasi yake imekunjwa ndani, unaikunjua, na kiroboto anajitandaza mbele yako karibu nusu mita, na miguu yote, na magamba yaliyopandana, na vinyweleo. Aliyepitisha kitabu kwenye skana hakujisumbua kukunjua. Kaiweka karatasi vilevile ilivyokunjwa, kabonyeza kitufe, kaenda zake. Kwa hiyo mimi nina makalio ya kiroboto, miguu ya nyuma, na mstari mweupe wa mkunjo. Kichwa hakuna. Nikafunua ukurasa unaofuata nikidhani kimehamia huko, nikamkuta chawa, naye kakatwa.

Seti yenyewe ni vitabu vitatu ndani ya kasha la kadibodi gumu: huyo Hooke, kitabu cha biashara cha Thomas Mun, England's Treasure by Forraign Trade, cha 1664 (tahajia ni yao, si yangu), na matoleo ya mwanzo ya Philosophical Transactions, jarida la sayansi lililoanza Machi 1665. Mchapaji simtaji. Ni mmoja wa wale wanaochapa kitabu pale tu mtu anapolipa, hawana hata stoo. Kwa bei yake ningepata mkasi mzuri wa kukatia, na najua ninachosema, kwa sababu hela zile nilikuwa nimeziwekea mkasi.

Maana mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni na sare, na mapazia kazi zikipungua. Sayansi niliiacha shuleni na uchumi wangu ni daftari la wadeni. Kilichonivuta ni picha ya tangazo: ncha ya sindano, imekuzwa mpaka inafanana na karoti iliyovunjika. Nimeshika sindano maisha yangu yote na sikuwahi kuiona hivyo. Nikalipa.

Na nisiwe mnafiki. Uchapaji ni wa aibu, lakini yaliyomo yamenikosesha usingizi kwa wiki tatu. Kwa hiyo haya ni malalamiko na sifa kwa pamoja, mtanisamehe vikichanganyikana.

Hooke anaanza na sindano kweli. Ukishapita wakfu kwa Mfalme Charles II na dibaji ndefu, jambo la kwanza analoliweka chini ya hadubini ni ncha ya sindano ndogo iliyo kali. Jicho linaona kitu kisicho na upana. Lenzi inaona kitu butu, kipana, chenye mashimo na makovu ya ufundi. Anasema nywele na kucha za wadudu zina ncha kali maelfu ya mara kuliko hiyo ya kwetu. Kisha anachukua wembe, na sehemu iliyopita kwenye jiwe la kunolea anaiona kama shamba lililolimwa matuta. Na kabla ya wembe kuna nukta, hii hii nukta ya kumalizia sentensi: chini ya lenzi inafanana, anasema, na baka la matope ya London. Hapo nilicheka peke yangu, na mteja aliyekuwa akisubiri kupimwa akanitazama vibaya.

Halafu anaingia kwenye vitambaa, na mimi nikazima cherehani.

Anachukua kipande cha kitani chembamba kuliko vyote alivyoweza kupata, ambacho nyuzi zake jicho tupu linazitambua kwa taabu. Anachoona ni mkeka. Mkeka mnene na mbaya, kila uzi una unene wa kamba. Kwa fundi hili si jambo la kushangaza sana, maana sote tumewahi kukinyanyua kitambaa mbele ya dirisha ili tuone weave yake imebana kiasi gani (samahani, neno hilo ndilo tunalotumia, jinsi nyuzi zilivyopishana, basi). Tofauti ni kwamba yeye hakuishia kusema kizuri au kibaya. Anauliza kwa nini. Kwa nini hariri inang'aa? Kwa sababu, anasema, nyuzi zake ni za mviringo, ngumu, na zinapitisha mwanga.

Kisha anafika kwenye hariri zile zenye mawimbi, ambazo ukizigeuza mwanga unakimbia juu yake kama maji. Hapa haongei kama profesa, anaongea kama mtu aliyesimama ndani ya karakana akatazama mikono ya watu. Kitambaa kinakunjwa katikati kwa urefu wake wote, upande wa uso ukiwa ndani, pindo juu ya pindo, na mistari ya kitambaa ikilaliana karibu sambamba. Kinanyunyiziwa maji. Kinakunjwa tena. Kinawekwa kwenye mashine ya kukandamiza iliyopashwa moto. Mistari ya upande mmoja inaikandamiza ya upande wa pili, mahali pengine inalala, pengine inabaki imesimama, na kila sehemu inarudisha mwanga kwa namna yake. Hakuna rangi iliyoongezwa. Ni pasi, maji na mkunjo. Nina wateja wawili ninaotaka kuwasomea ukurasa huo, waache kuniuliza kama mawimbi "yatafutika" wakifua. Yatafutika, ndiyo, ukilowesha.

Lakini sentensi zilizonifanya niweke kitabu mezani nitembee kidogo ni zile anazosema kwamba mara nyingi amewaza pengine ipo njia ya kutengeneza kwa ufundi kitu cha kunata kinachofanana na kile anachokitoa kiwavi wa hariri, huenda hata kikakipita kwa ubora, kisha kikavutwa kuwa nyuzi. Anasema faida ya uvumbuzi kama huo iko wazi, hana haja ya kuieleza, na kwamba anatumaini mtu mwerevu atalidaka wazo hilo na kujaribu, na akifaulu hatakuwa na sababu ya kununa. Hiyo ni 1665. Hariri ya kutengenezwa kiwandani ilikuja kuuzika kutokana na kazi iliyofanywa Ufaransa miaka ya 1880. Nusu ya robota zilizo nyuma yangu ninapoandika ni watoto wa wazo lile, na yeye kalitupa tu katikati ya maelezo ya tafeta, bure, kama mtu anayekupa chenji.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalifurahia kuliko Mwingereza wa leo. Ana sura nzima ya upupu. Ndiyo, upupu. Anauita "Cowage", na anasema watu wanalitamka jina hilo vibaya mpaka linasikika kama muwasho wa ng'ombe, ilhali kitabu cha mitishamba cha John Parkinson kinaeleza kwamba ni jina la mmea kule unakoota, Surat, bandari ambapo Kampuni ya India ya Mashariki ilikuwa na kituo chake. Hooke anaweka manyoya ya upupu chini ya lenzi. Anaona nini? Sindano. Vitu vyembamba vya umbo la pia, vinavyofanana, anasema mwenyewe, na sindano na vidungio. Kutoka kwenye sindano ya chuma aliyoiona butu mwanzoni, kafika kwenye sindano za mmea zilizosafiri kwa meli ya pilipili na vitambaa mpaka kwenye dirisha lake. Sijui kama alipanga hivyo. Mimi ndivyo nilivyosoma, na nilijikuna.

Nikiri kwamba katikati ya kitabu nilichoka. Kuna kurasa nyingi za rangi na mwanga ambazo zinahitaji msomaji mwenye subira kuliko mimi. Nilizipita. Nilirudi kwenye koki, gamba jepesi la kuzibia chupa. Anakata kipande chembamba kwa kisu kikali kama wembe, anakuta vyumba vidogo vidogo, anaviita seli, na neno hilo ndilo watoto wetu wanaliandika kwenye mtihani wa biolojia mpaka leo. Nilichopenda ni kwamba anahesabu kama mwuza duka. Seli 60 kwenye sehemu moja ya 18 ya inchi. Kwa hiyo 1,080 kwa inchi. Kwa inchi ya mraba 1,166,400. Kwa inchi ya ujazo 1,259,712,000. Nilichukua kikokotoo cha simu nikamkagua. Yuko sahihi hadi tarakimu ya mwisho.

Sasa, kwa nini mtu huyu aliyekuwa akitazama viroboto anauzwa kwenye kasha moja na mfanyabiashara? Nilidhani ni ujanja wa muuzaji, kukufungia bidhaa inayotembea na isiyotembea. Nikasoma dibaji ya Hooke tena. Anajivunia kwamba wengi wa wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ni watu wa biashara, na kwamba hiyo ni dalili njema, falsafa itatoka kwenye maneno iende kwenye vitendo. Na ukiangalia paa lililowafunika unaelewa. Walianza mwaka 1660 kukutana Gresham College. Chuo hicho kiliachwa kwa wasia wa Sir Thomas Gresham, mfanyabiashara aliyejenga Royal Exchange, jengo la wafanyabiashara lililokuwa na maduka juu. Kodi za maduka hayo ndizo zilizowalipa walimu, na nusu ya usimamizi alikabidhi kampuni ya Mercers, yaani chama cha wauza vitambaa. Niliposoma hapo nilijiona ndugu yao kidogo. Hooke mwenyewe aliishi chuoni pale mpaka kufa kwake mwaka 1703.

Ndani ya dibaji hiyohiyo anamshukuru sana Sir John Cutler, tajiri wa chama cha wauza viungo na bidhaa za chakula, kwa kuahidi kumlipa kila mwaka atoe mihadhara ya ufundi. Ahadi ilikuwa pauni 50 kwa mwaka. Kinachoniuma ni kwamba shukrani zipo kwenye chapa, za milele, na hela zikachelewa. Hooke alilazimika kwenda mahakamani, na alishinda mwaka 1696, Cutler akiwa ameshafariki. Kila fundi anayesoma hapa amewahi kushona nguo ya mtu wa namna hiyo.

Mun ni kitabu kingine kabisa kwa sauti. Ni chembamba, kinasomeka kwa siku mbili, na kwa bahati hakina michoro ya kukatwa, kwa hiyo mchapaji wetu hakupata nafasi ya kukiharibu sana, ingawa kurasa nne zimelala upande. Thomas Mun alikuwa mkurugenzi wa Kampuni ya India ya Mashariki tangu 1615. Alikufa 1641. Mwanawe John ndiye aliyekichapisha, miaka 23 baadaye. Na kinaanza kama wasia: "Mwanangu". Anamwambia mwanawe mambo 12 ambayo mfanyabiashara kamili lazima ayajue. Kuandika vizuri, hesabu, utunzaji wa vitabu vya fedha. Vipimo, mizani na sarafu za nchi za nje. Ushuru wa kila bandari. Bidhaa gani zinapatikana kwa wingi wapi na zipi zinakosekana. Viwango vya kubadilisha fedha. Bima. Bei na ubora wa vitu vya kujengea meli. Lugha mbalimbali, na walau Kilatini. Ukimaliza orodha unajiuliza huyo kijana atalala saa ngapi.

Hoja yake kubwa inajulikana: taifa liwauzie wageni kila mwaka thamani kubwa kuliko linavyonunua kwao. Anaieleza kwa mfano wa daftari. Tukiuza nje nguo, madini ya risasi, bati, chuma na samaki kwa pauni 2,200,000, tukanunua kwa 2,000,000, basi 200,000 zitarudi nyumbani kama hazina. Ni rahisi, na mimi nimeendesha duka kwa kanuni hiyo. Shida ni kwamba duka langu lina wateja ambao si maduka. Dunia yake ni ya maduka matupu. Kila nchi ikifuata ushauri wake, kila mtu anauza na hakuna anayenunua, na sikuona mahali anapojiuliza hilo.

Pia usisahau anaongea akiwa amekaa upande gani. Kampuni yake ilishutumiwa kwamba inabeba fedha ya Uingereza kupeleka Mashariki kununua pilipili na vitambaa. Utetezi wake ni mzuri mno kiasi kwamba nilitaka kumpigia makofi kabla sijakumbuka ni mtuhumiwa: ukimtazama mkulima wakati wa kupanda tu, akitupa nafaka njema ardhini, utasema ni kichaa, msubiri kwenye mavuno. Fedha inayotoka ni mbegu. Bidhaa zitauzwa tena nje kwa bei ya juu, na fedha itarudi na wenzake. Hodari wa maneno.

Mahali nilipoelewana naye kabisa ni pale anapoandika kwamba kazi ya mikono inaingiza zaidi kuliko mali ghafi. Linganisheni, anasema, sufu ya kondoo na nguo: kuna kukata, kuosha, kuchana, kusokota, kufuma, kukandamiza, kutia rangi, kumalizia, na kila hatua inalisha mtu. Ningependa sentensi hiyo ichapwe kwenye bango niitundike juu ya meza, kwa ajili ya wale wanaoleta kitambaa cha bei ghali halafu wanabishana juu ya ufundi. Halafu mbele zaidi ananiudhi: anataja ukoma wa taifa lake, nao ni kuvuta tumbaku, ulevi, karamu, na mitindo ya mavazi. Mitindo! Mzee, hao wafumaji uliowasifu sasa hivi wamshonee nani?

Kitabu cha tatu, lile jarida, ndicho kilichonigombanisha na nyumba nzima. Hiki hakikupigwa picha. Kimepitishwa kwenye programu ya kutambua herufi, kikachapwa upya, na ni wazi hakuna binadamu aliyekisoma kabla ya kunifikia. Waingereza wa wakati ule walikuwa na aina mbili za herufi ndogo ya s. Ya mwisho wa neno ni hii yetu. Ya mwanzoni na katikati ilikuwa ndefu, ſ, imesimama kama f iliyokatwa mkono mmoja. Ukiizoea haisumbui. Programu haikuizoea. Kila ſ imekuwa f, kurasa zote.

Sasa sikilizeni. Toleo la kwanza lina habari ya meja aitwaye Holmes, aliyetoka pwani ya Guinea na saa mbili za pendulamu ili kupima longitudo baharini. Alizirekebisha kwenye kisiwa cha St. Thomas, chini ya mstari wa ikweta, akaenda magharibi maili mia saba au nane, kisha akageuka kaskazini-kaskazini-mashariki. Manahodha wengine waliogopa maji ya kunywa yataisha, wakataka waelekee Barbados. Akawaita, akawaambia walete hesabu zao. Mmoja alitofautiana naye kwa ligi 80 (ligi moja ni kama maili tatu), mwingine 100, wa tatu zaidi. Yeye kwa saa zake akasema tuko kama ligi 30 tu kutoka kisiwa cha Fuego, kimoja cha visiwa vya Cape Verde, kesho tunafika. Kesho yake adhuhuri wakakiona kisiwa. Ni hadithi tamu hata kama wapo waliotilia shaka usahihi wake tangu wakati huohuo. Lakini kwenye nakala yangu kila "sailed" imeandikwa "failed". Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akinisaidia kusoma kwa sauti huku napachika vifungo, aliisoma yote kwa uaminifu, kisha akaniuliza:

"Shangazi, mbona huyu meja anafeli kila anapokwenda, halafu mwisho ndiye anayeshinda?"

Sikuwa na jibu. Tulirudi mwanzo na penseli, tukamrekebishia safari yake herufi kwa herufi.

Na tulipokuwa tukirekebisha ndipo nilipoona kilichokosekana, na hapa programu haina kosa. Habari nzima ni saa, maji na hesabu. Haiulizi meli hizo zilifuata nini pwani ile. Holmes alipelekwa huko kulinda maslahi ya kampuni ya biashara ya Afrika ambayo hati yake ya kifalme ya 1663 ilitaja waziwazi ununuzi wa watumwa pamoja na dhahabu. Hooke anapata upupu wake kwa meli, jarida linapata longitudo yake kwa meli, na kwenye kurasa hizi meli huwa inafika tu, kama mvua. Ukivisoma vitabu hivi vitatu kwa pamoja unaanza kuona lile ambalo kila kimoja peke yake kinalipita. Kwa hilo, nakiri, aliyeviweka kasha moja alifanya jambo la maana, hata kama alifanya kwa bahati.

Mengine ya jarida nayapitia haraka. Toleo la kwanza lina kurasa 16 tu, lakini ndani yake kuna doa kwenye sayari ya Jupiter, madini ya risasi ya Ujerumani, ndama aliyezaliwa na kasoro, na uvuvi wa nyangumi karibu na Bermuda, vyote vimekaa pamoja bila kuoneana haya. La pili lina barua kuhusu ufugaji wa viwavi wa hariri Virginia, niliyoisoma mara mbili kwa sababu za kikazi. Mhariri, Henry Oldenburg, anachapisha kila kinacholetwa. Nampenda kwa hilo.

Kuhusu huduma: niliandika kulalamikia kiroboto. Siku nane baadaye nilijibiwa kwamba "nakala inalingana na kitabu asilia kilichopigwa picha". Nikajibu kwamba kitabu asilia kinakunjuka. Wakanipa punguzo la kununua kitabu kingine kwao. Jalada limeanza kubanduka kwenye uti, gundi ni ile ya kuyeyushwa kwa moto, imepakwa nyembamba, na hakuna mshono hata mmoja. Karatasi ni nyeupe mno, inaumiza macho chini ya taa. Nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya kasha, ambalo sasa naweka ndani yake vifungo.

Kama unataka kuvisoma, usipitie njia yangu. Micrographia iko Project Gutenberg bure, maandishi na michoro, na aliyeiandaa anaijua ſ. Wellcome Collection wameweka michoro yake kwa ukubwa wa kutosha kuona mkwaruzo wa msanii kwenye bamba la shaba. Matoleo ya zamani ya jarida yamefunguliwa bure na Royal Society wenyewe. Kwa Mun, nunua chapa yoyote iliyopangwa herufi upya na mtu mwenye macho. Mwanafunzi wa historia au biashara aanze na Mun. Fundi wa aina yoyote, awe wa saa, wa viatu au wa nguo, aanze na Hooke, sura tano za mwanzo, kisha upupu.

Mimi kiroboto wangu nilimpata. Nilipakua mchoro mzima, nikauchapa kwa vipande vinne, nikaviunganisha kwa gundi ya unga nyuma, nikapiga pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa. Nilikunja mara tatu kufuata kipimo cha ukurasa. Kisha nikatoboa matundu matano kwenye uti wa kitabu na kumshona ndani kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano namba 18, mshono wa kurudi nyuma. Hooke anasema kiroboto kavaa deraya nyeusi iliyong'arishwa vizuri, yenye viungo vilivyokaa sawasawa, na ukimkunjua sasa unaiona yote, kuanzia kichwa.